Muulize Anko: Wameniiga na Taulo Begani, Nijibu ama Ninyamaze?

Mwezi huu barua zimekuwa za vichekesho tupu, sijui mlikutana wapi mkapanga. Kwa wenye hawanijui vizuri, Anko alishika maiki miaka tisa, Kisumu, Siaya, mpaka Bungoma ndani, kwa hivyo leo siongei kama mtu wa dirishani. Barua nimezifupisha, majina nimeyatoa, matusi nimebakisha yale madogo.

*

Anko, mimi ni emsii na mchekeshaji hapa Nakuru tangu 2009. Harusi, ruracio (sherehe ya mahari), graduesheni, chama za akina mama, zote nimefanya, na kwa TV nimetokea mara moja. Juzi kijana wangu wa fomu tatu ananiletea simu, ananiambia dadi ona hii. Ni hao vijana wa openi maiki, jukwaa lenye mtu yeyote anapanda kujaribu, wenye hukutana ghorofani kwa mkahawa mmoja huku Milimani. Mmoja amevaa suti kubwa kumliko, taulo nyeupe begani, ananiiga dakika sita nzima. "Kama umekuja bila kuburutwa piga makofi!" Anajipangusa jasho, anasema mke wangu, mke wangu, mara kumi na moja na panchi, ile laini ya mwisho ya kuchekesha, haiji. Watu wanavunjika mbavu. Jina hajataja lakini Nakuru nzima inajua ni nani hubeba taulo. Wanajiita komedi mbadala, ati sisi wengine ni komedi ya sherehe. Sasa niko na shoo kubwa mwezi ujao na nimeandika dakika kumi za kuwarudishia, juu ya nywele zao, suruali zao, na hao watu ishirini wenye huenda kuwatazama na kahawa moja masaa matatu. Nitoe ama niwache?
— Mzee wa Taulo, Nakuru

Mzee wa Taulo, pole. Na pole ya pili ni ya kuonyeshwa na mtoto wako, nafikiri hiyo ndio imekuuma zaidi, hizo zingine ni maneno tu.

Klipu yenye ulinitumia nimeitazama mara nne. Ya kwanza nilikasirika kwa niaba yako. Ya pili nikacheka. Ya tatu nikaanza kuangalia mikono ya huyo kijana, venye anakunja taulo mara mbili kabla ya kujipangusa, kisha anapangusa shingo kwanza, uso baadaye, na jasho lenyewe halijatoka bado. Mzee, hiyo mtu hawezi kuitoa kichwani. Huyo alikaa kwa harusi zako. Pengine alikuwa na miaka kumi, soda ya orenji mkononi, anakutazama wewe na si bibi harusi. Sisemi amekupenda, nasema amekusoma, na kwa hii kazi yetu watu wa kukusoma hivyo ni wachache, wengi wanakula pilau wanaenda.

Hii vita yenu pia si ya Nakuru. Uingereza walianza zamani. Miaka ya 70 huko komedi ilikuwa ya wazee wa suti na boutai, ile tai ya kipepeo, wanazunguka klabu za wafanyakazi, na kutoka 1971 televisheni ya Granada ikawa inawaweka kwa kipindi kimoja wanapokezana kutoa vichekesho haraka haraka, mama mkwe, Muairishi mjinga, mtu mweusi jirani. Bernard Manning ndio alikuwa kichwa chao, mwenyewe alikuwa na klabu yake Manchester inaitwa Embassy Club, na kusema kweli kwa kupanga maneno na kungojea wakati jamaa alikuwa fundi, shida ni venye alikuwa anapiga mtu wa chini kila siku. Halafu tarehe 19 Mei 1979 ikafunguliwa Comedy Store pale Soho, London, juu ya klabu ya wanawake wa kuvua nguo, mmoja wa wenye waliifungua alikuwa muuza bima, Peter Rosengard. Emsii wao wa kwanza alikuwa Alexei Sayle, mnene, kichwa kipara, suti imembana, anatukana kama kondakta mwenye amenyimwa chenji. Na walikuwa na gong, ile sahani kubwa ya chuma ya kugonga, ukiboesha unagongewa unashuka. Hapo ndio vijana walianza kusema sisi hatutachekesha kwa rangi ya mtu wala kwa matiti ya mtu, na kwa sababu walihitaji adui wakawachukua hao wazee wa boutai wakawafanya kichekesho.

Wewe hapo Nakuru ndio boutai, taulo yako ndio hiyo boutai. Usichukulie vibaya.

Sasa hizo dakika kumi zako. Nimezisoma. Ya nywele ni nzuri, ile ya suruali imetoka juu ya kifundo ati mvua ya Nakuru iliwapata wamejiandaa, hiyo hata mimi nitaiiba. Lakini hiyo ya tatu ya watu ishirini, futa leo. Hao watu hawajakuiga. Wametoa shilingi mia tatu wakakaa kiti cha plastiki kwa baridi, na mmoja wao ni binti wa mama fulani mwenye atakuita mwakani ufanye ruracio yake. Ukimchapa mchekeshaji mwenzako, hayo ni mambo ya kazini. Ukimchapa mtu kwa sababu amecheka, huyo hana maiki ya kukujibu, atakujibu kwa kutokuja.

Na mimi naongea kama mwenye ameumia. Kuna mwaka nilipewa shoo ya mwisho wa mwaka, mji siutaji, na kabla yangu kulikuwa na kijana wa mashairi na vichekesho vya polepole, meza tatu za mbele zilikuwa zimempenda sana. Mimi nikapanda nikaanza, "Hawa wa meza za mbele wamecheka kitu gani, kwani wamelipwa?" Ukumbi ukacheka mara moja. Halafu zile meza tatu zikanyamaza dakika ishirini na tano, hawakuondoka, hapana, wamekaa tu wananitazama kama watu wako kwa mazishi ya mtu wenye hawakumjua. Ukumbi wote ukaanza kuwaangalia wao badala ya kuniangalia mimi. Nilimaliza mapema nikaenda kusimama karibu na jenereta nijifanye naongea na simu.

Kuna kitu wazee wa Kijaluo huita pakruok. Mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi, anacheza, wewe ukitaka kujisifu ama kumrushia mwenzako maneno unatoa pesa kwanza ndio muziki usimame, kisha unaongea, ukimaliza muziki unaendelea, mwingine naye akitaka kukujibu atoe zake. Mimi hiyo naiona ndio kanuni nzuri kuliko zote. Toa pesa kwanza. Siku yao ya openi maiki nenda, lipa mia tatu kama wengine, kaa mbele, na taulo begani. Usiseme kitu. Huyo kijana akikuona atasahau laini zake zote, ama atakuja na kitu kikali kuliko hicho, na vyovyote itakavyokuwa wewe ndio utakuwa umeongea. Wakikuita juu, panda na zile za nywele na suruali. Kwa hiyo shoo yako kubwa achana nazo, watu wa huko hawajui hao vijana ni akina nani, utatumia dakika tano ukieleza kitu halafu dakika mbili ukichekesha.

Na hiyo ya mke wangu mara kumi na moja, nilihesabu shoo yako moja. Ni kumi na nne.

*

Anko habari. Swali dogo. Demu wangu alinipeleka kwa shoo inaitwa komedi mbadala hapa Kisumu, jamaa akapanda akasoma risiti ya supamaketi dakika nane, bidhaa moja moja na bei. Nikauliza hii ni nini, nikaambiwa sijaelewa. Ni mimi ni mshamba ama?
— Mtu wa Risiti, Tom Mboya

Mtu wa Risiti, wewe si mshamba, na yeye pia si mwenda wazimu. Kichekesho cha kawaida kinakuahidi kitu, kinakuvuta, kinakupatia. Huyu wa mbadala anacheza na ile ahadi yenyewe, wewe unangoja panchi naye anakupatia bei ya sabuni, na pengine ikifika mara ya sita utajikuta unacheka bei ya sabuni na hujui kwa nini. Pengine. Ikikataa ni dakika nane zako zimeenda.

Jina "mbadala" lenyewe lilitoka kwa akina Tony Allen na huyo Sayle nimemtaja hapo juu, walikuwa na kikundi London mwaka huo huo wa 1979 kinaitwa Alternative Cabaret. Marekani nao miaka ya 90 wakafanya yao, wakatoka kwa klabu zenye unalazimishwa kununua vinywaji viwili ndio ukae, wakaenda kufanya kwa baa za muziki na vyumba vya nyuma, juu watu wa vinywaji viwili wanataka wachekeshwe kabla glasi iishe. Ukifikiria vizuri hata hapa kwetu tofauti kubwa ni hiyo, ni nani anauzia nani nini. Mwenye nyama choma anataka watu wacheke kwa sauti, wasikie njaa, waongeze nusu kilo. Mwenye risiti anataka unyamaze. Sasa weka huyo wa risiti mbele ya nyama choma, na huyo wa nyama choma mbele ya watu wa kunyamaza, wote wataonekana wajinga.

Mwambie demu akupeleke tena mara moja. Ikiwa ni risiti ingine, we ita chakula.

*

Anko Anko Anko. Mimi ni msichana wa stendapu, Kisumu, miaka mitatu sasa. Tulianza tukiwa watano, tukasema sisi hatufanyi lafudhi, hatufanyi "nyinyi wanaume," hatufanyi shoo za kampuni. Mimi mwenyewe niko na dakika saba nazopenda sana za kuchapa wachekeshaji wenye wameuza roho, naiga mmoja anashukuru mdhamini kabla ya kushukuru Mungu. Ilinipa jina. Sasa kampuni moja imenipigia, chakula cha jioni cha wafanyakazi wao, 60,000, dakika ishirini, safi, hakuna siasa. Nimewaambia wenzangu, wameniondoa kwa grupu ya WhatsApp kabla sijakubali. Nichukue? Na hizo dakika saba nizifanye nini?
— Roho Bei Gani, Kondele

Mdogo wangu, chukua pesa. Hilo limeisha, hata sitaki tulijadili, kodi ya Kondele hailipwi na msimamo.

Lenye ni tamu ni hizo dakika saba.

Watu wanafikiri huu ni ugonjwa wa leo. Ben Elton, huyu alikuwa pale Comedy Store, suti ya kung'aa, anaongea mbio kama mtu ameiba, mmoja wa waandishi wa The Young Ones, kile kipindi cha vichekesho cha televisheni ya BBC2 cha 1982. Yeye na wenzake walimchapa sana mzee mmoja wa televisheni, Benny Hill, yule wa kukimbizana na wasichana wamevaa nusu, ati vichekesho vyake vinadharau wanawake. Mimi nikikuwa mtoto nilikuwa namcheka Benny Hill mpaka naumwa tumbo, na nikiwa mkubwa nimeangalia tena nikaona Elton alikuwa na pointi, hayo mawili yote ni kweli na sitachagua. 1989 televisheni ya Thames wakamkata Benny Hill, wao wakisema watazamaji wamepungua na gharama imepanda, lakini watu mpaka leo wanawalaumu hao vijana wa mbadala. 1992 mzee akafa peke yake kwa nyumba yake ya kukodi.

Sasa sikiza yenye inakuhusu. Miaka ikaenda, huyo huyo Elton akaandika maneno ya mchezo wa muziki wa mtunzi Andrew Lloyd Webber, na 2002 akaandika ule wa nyimbo za bendi ya Queen, pesa ndefu. Kizazi kilichofuata kikamrukia kama kunguru, mchekeshaji Stewart Lee akiwa mbele. Lee ndio huyo pia alimchukua Michael McIntyre, mchekeshaji wa kujaza uwanja wa ndani, akasema anawalisha watu kwa kijiko kitu chenye siwezi kuandika hapa, hii magazeti watu husoma wakila. Na Lee mwenyewe? Wakati huo alikuwa na kipindi chake BBC, si kwa baa. Yaani kila mtu anafika kwa ile nyumba alikuwa anairushia mawe, tofauti ni mlango alipitia.

Hata hapa kwetu. Redykyulass, lile kundi la vichekesho, walianza wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, wanamuiga Moi na Moi yuko Ikulu, kitu hata wazazi wetu walikuwa wanapunguza sauti ya TV ndio wasikie vizuri. Leo mmoja wao, KJ, ni mbunge wa Dagoretti South tangu 2017. Ile ilikuwa mbadala ya mbadala, na watoto wa sasa wanaiona kama historia ya shule. Na Churchill Show ya TV, yenye nyinyi hupenda kucheka, ndio ilichukua vijana wengi hawana jina wala nauli ikawapatia maiki mbele ya nchi nzima, na ikazunguka mpaka miji yetu huku. Ucheke, sawa, lakini cheka ukijua.

Elton alifanya kitu kimoja naipenda. Alikubali kuingia kwa kipindi cha mchekeshaji Harry Enfield akajicheza mwenyewe, anaitwa Benny Elton, anahubiria wanawake haki zao mpaka wanamkasirikia wanaanza kumkimbiza, kama tu Benny Hill. Zile dakika zako saba usizitupe, zigeuze. Yule wa kushukuru mdhamini sasa ni wewe. Anza na siku simu ilipigwa, ulisema "wacha nifikirie" na ukafikiria sekunde mbili. Sema venye ulitolewa kwa grupu na wenye pia walikuwa wametuma profaili zao kwa kampuni hiyo hiyo. Najua walituma. Mmoja aliniandikia barua wiki moja kabla yako, hiyo sitachapisha.

*

Anko mimi natoka Kakamega. Nimechoka na hii lafudhi. Kila mchekeshaji akitaka Mluhya ni kuku, chai na "gugu." Hao vijana wapya wanasema hawafanyi lafudhi, lakini nilienda kuwaona na wao wanaiga mchekeshaji wa zamani mwenye anaiga Mluhya. Si ni kitu kimoja?
— Nimeshiba Kuku, Lurambi

Umewashika pabaya. Ndio, karibu kitu kimoja, ila wao wameivalisha koti.

Mimi siko kwa kundi la kusema lafudhi ikatazwe. Mzee Ojwang Hatari wa kile kipindi cha TV cha Vitimbi, Mjaluo wa kupigiwa mfano, hata nyanya yangu Seme alikuwa anamuita "wuod pacho", yaani kijana wa nyumbani, jina lake la kweli lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Alifariki 2015 na Kisumu watu walilia. Kwa nini yeye tulimkubali? Kwa sababu Ojwang alikuwa mtu. Alikuwa na mke anamsumbua, alikuwa na deni, alikuwa na ujanja wenye hauishi vizuri, lafudhi ilikuwa tu njia ya kuingilia. Huyu wenu wa kuku, ukimtoa hiyo "gugu" amebaki na nini? Maiki.

Siku ingine ukiwaona hao vijana subiri wamalize uwaulize kwa upole, "na wewe ndugu yangu, unatoka kwa nani?" Kisha nyamaza.

*

Anko, wacha kuzunguka, wewe uko upande gani? Wa harusi ama wa mkahawani?
— Bila Jina, Busia

Nitakuambia siku moja. Dunga, karibu na ziwa, watu kama thelathini, jioni, mbu wengi kuliko watu. Waandaaji walikuwa wamechanganya pande zote mbili kwa bango moja, kitu hakuna mtu mwenye akili hufanya. Wa kwanza akawa kijana wa mbadala, stori ndefu ya babake na baiskeli, polepole, inapendeza kusema ukweli, na akaingiza kidogo ati "leo hamtapigiwa kelele, mwenye kelele yuko nyuma anajipangusa." Mwenye kelele akasikia. Alipopanda, kitu cha kwanza ikawa, "Asante kwa huyo kijana, nyinyi wenye mlikuwa mmelala amkeni." Kijana badala ya kuketi akajibu akiwa amesimama kando ya spika. Wakaanza kurushiana, mmoja ana maiki mwingine hana, na zilikuwa nzuri, sidanganyi, dakika tano watu wamesahau mbu. Halafu zikaanza kuwa chungu. Mmoja akamtaja mama wa mwingine, na si ile ya mchongoano ya kucheza. Ukumbi ukapoa. Wote wawili wamesimama pale, hakuna anajua atoke vipi.

Hapo ndio stima ikapotea. Giza tupu, unasikia tu maji na vyura. Na kutoka jikoni, sauti ya weita, imechoka, haijui kitu chenye kimekuwa kikiendelea: "Tilapia ya meza saba, nani aliitisha bila ugali?"

Walicheka wote, yule wa taulo na yule wa baiskeli, mpaka mmoja akashikilia mwingine asianguke. Na meza zilikuwa sita.